Maandishi ya Shavuni

Kwa miezi mitatu niliamka kila siku nikiwa na maandishi shavuni. Mimi mwenyewe nisingejua, maana mtu haoni shavu lake. Ni mpwa wangu aliyeniambia asubuhi moja, amenishikia kikombe cha chai, macho yakicheka kabla ya mdomo.

"Mjomba, umepigwa muhuri tena. Kama mzigo wa posta."

"Unasemaje huo muhuri?"

Akausogeza uso wangu kwenye mwanga wa dirisha kwa kidole kimoja, kama anavyopima kola. "Hausomeki. Miguu ya kuku mitupu. Labda huko ulikotoka wamekuandikia pa kukurudisha."

Tukacheka. Ikifika saa tatu ngozi huwa imejinyoosha, kwa kadiri ngozi ya mzee inavyokubali kunyooka, nami nimeshasahau.

Maandishi yalitoka kwenye mto. Mto ulikuwa wa marehemu dada yangu, mama yake huyo mpwa, fundi cherehani aliyemwachia binti yake duka na mashine ya kudarizi nembo. Nembo mpya haishonwi moja kwa moja kwenye nguo ya mteja. Hujaribiwa kwanza kwenye kitambaa kisicho na kazi. Dada hakutupa hata kimoja cha vitambaa hivyo vya majaribio. Alivigeuza foronya. Ndiyo maana nyumbani kwake watu walilalia simba asiye na mkia, shule iliyokosewa jina, na tai mwenye bawa moja. Foronya yangu mimi ilikuwa na mistari michache ya herufi na tarakimu zilizotuna, uzi wa buluu juu ya kitambaa cheupe. Nilidhani ni namba za magari. Aliyeshinda barabarani miaka arobaini huona namba za magari hata kwenye mawingu.

Nimekuwa utingo wa malori, mpishi katika kambi za wajenzi wa barabara, mpaka rangi wa minara, na mlinzi wa ghala lisilokuwa na kitu ndani. Shule niliisoma vipande vipande, darasa hapa, muhula kule, kama mtu anayekula huku anatembea. Dada aliniita Kiguu na Njia. Nilipofika miaka kumi na sita, akaona macho yangu yanavyoiangalia barabara, alichukua viatu vyangu akaviweka chini ya mto wake. Alikuwa na msemo aliojitungia mwenyewe: usichotaka kipotee, kilalie. Alilalia ufunguo wa nyumba, alilalia daftari zake, na siku hiyo akalalia viatu vyangu.

Niliondoka peku.

Nilirudi nikiwa na mvi, nikakuta ana miezi minane kaburini. Nilisimama mlangoni pa duka na mfuko wangu wa turubai, nikisubiri binti yake aniulize nilikuwa wapi siku zote. Swali hilo nilikuwa nimeliandalia majibu matatu. Aliniuliza, "Umekula?" Kisha akanipa chumba cha nyuma na mto wa mama yake, akasema ndio mzuri kuliko yote. Hadi leo sijapata neno la kumlipa kwa swali lile.

Basi huyu ndiye niliyemtendea nililomtendea.

Mashine ya kudarizi haina akili yake yenyewe. Akili yake ilikuwa kompyuta ya mpakato, nene kama msahafu, waliyoiita Bibi kwa sababu ya umri. Kompyuta za siku hizi hazina tundu linaloingia waya wa mashine ile. Bibi alikuwa nalo, nyuma, lenye vijino tisa. Hakuna mwingine aliyeweza kuzungumza na mashine. Na Bibi alikuwa na mwiko mmoja: plagi yake isichomolewe kamwe. Ilichomekwa kwenye kisanduku cha kutunza umeme, na dada alikuwa ameifunga uzi mwekundu ili kila mkono ukumbuke. Betri zote za ndani zilikwisha kufa, kubwa na ndogo. Waya ule ndio uliokuwa roho yake.

Jumatano mpwa wangu alitoka kwenda kununua nyuzi. Mezani palikuwa na makoti meupe ya wauguzi wahitimu, rundo hadi kifuani, yakisubiri nembo ya chuo chao. Sherehe ilikuwa Jumamosi. Nami nikawaza, mzee mzima nimekaa tu kama kabati; ngoja niyapige pasi nimpunguzie mtoto kazi. Tundu la ukutani lilikuwa limelegea. La kwenye kisanduku lilikuwa imara. Nikauona uzi mwekundu vizuri kabisa. Nikajiambia, ni dakika tano tu, nikaichomoa plagi ya Bibi.

Pasi ilipoingia, kisanduku kililia kama paka aliyekanyagwa mkia, kikazimika. Nikarudisha plagi haraka, uzi ukanikatikia mkononi, nikaufunga upya, nikaketi mbali na mezani kama mtu asiyejua hata pasi ni nini.

Mpwa aliporudi akamwasha Bibi. Skrini ikawa nyeusi, maandishi meupe, ikidai tarehe ni ya kwanza ya mwezi wa kwanza, mwaka ule ambao dada yangu aliinunua. Mwaka ambao alikuwa hai, na mimi nilikuwa nusu ya dunia mbali, nikipaka mnara rangi. Baadaye Bibi aliamka, picha zikaja, nembo ikatokea. Lakini mashine ya kudarizi haikutikisika. Ilisimama na sindano zake juu kama mtu aliyesahau jina lake.

"Umeme ulikatika, Mjomba?"

"Labda," nikasema.

Neno dogo. Nimewahi kubeba magunia mepesi kuliko neno lile.

Alhamisi asubuhi akaja fundi wa kompyuta, kijana mwembamba wa kimo kirefu aliyeitwa Bisibisi na mtaa mzima, naye akaitikia. Aliniamkia, akamfungua Bibi tumboni, akachungulia, akamfunga.

"Shikamoo tena, Mzee. Hii ya pili ni ya Bibi, mpokelee, maana inawezekana mko rika moja."

"Marahaba. Lakini mimi meno ninayo."

"Naye anayo, tisa, huku nyuma. Tatizo hakumbuki ya nini."

Alizima, akawasha, na kabla picha haijatokea akakibonyeza kitufe kimoja mara nyingi, tap-tap-tap, kama anayegonga mlango wa mtu mwenye usingizi. Skrini ikawa ya buluu, yenye orodha za herufi za kijivu. Hapana picha, hapana rangi. Nilivuta kiti.

"Hapa ni wapi?" nikauliza.

"Hapa ni msingi, Mzee. Kule kwenye picha ni sebuleni. Huku ndiko kompyuta inakojikumbusha ni nani kabla haijaamka: saa ngapi sasa, diski iko wapi, matundu yapi yamefunguliwa. Ikipoteza umeme na kale kabetri kadogo kamekufa, inasahau yote, inarudi ilivyozaliwa." Akashuka kwenye orodha kwa vitufe vya mishale. "Tundu hili limezimwa, unaona? Sasa nimeliwasha. Ila kuliwasha hakutoshi. Kila tundu lina anwani. Mashine inabisha hodi kwenye anwani moja tu iliyozoea. Isipoitikiwa hapo, inanuna mpaka kiama."

"Na anwani ni ipi?"

"Ndilo swali." Akazisoma polepole, na mimi nikamsikiliza kama mtoto anayesikiliza majina ya miji: "Tatu-F-nane. Mbili-F-nane. Tatu-E-nane. Mbili-E-nane. Na kila moja ina namba yake ya zamu, na bado kuna hii ya kuzungumza kwa mwanga badala ya waya, na hii ya namna ya mazungumzo. Ukizichanganya ni zaidi ya thelathini."

Mpwa wangu alikuwa amesimama nyuma yetu, futi ya kupimia imemning'inia shingoni. "Si uzijaribu zote?"

"Dada, Bibi anachukua robo saa kuamka. Na mashine yako ikikataa mara tatu inajifunga saa nzima. Tutamaliza wauguzi wameshastaafu." Akaona utani wake haukupata mwenyeji, akashusha sauti. "Aliyeipanga mwanzo hakuandika mahali?"

"Alipanga mama, na wakala wa mashine aliyekwisha kufunga biashara. Na mama hakuandika kitu kwenye karatasi. Karatasi humu ndani haina maisha. Ukigeuka imeshakatwa kola."

Alijaribu michanganyo sita. Kila mara alipotoka kwenye ile buluu, skrini ilimuuliza swali, naye akabonyeza F10.

"Hiyo ya nini?"

"Ya kuhifadhi na kutoka. Ukitoka bila hiyo, ni kama hukuwahi kuja."

Kuna maneno kijana huyasema akizungumzia kitufe tu, yakampata mzee mbavuni.

Saa saba akaondoka, amekodiwa kwingine, akaahidi kurudi Ijumaa asubuhi na betri ndogo mpya, ya mviringo kama kifungo cha koti. Alisema atajaribu tena. Hakusema atafanikiwa.

Mpwa alikaa juu ya rundo la makoti, kitu ambacho hakuwahi kufanya. "Nakwenda chuoni kwa mkuu wao," akasema. "Nikamwambie yatakuja bila nembo. Atayapeleka kwingine, na ana haki. Halafu hii mashine, Mjomba, sioni tena kazi yake. Nitaiuza kwa vyuma chakavu."

Aliipitishia mkono ubavuni, kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Mashine ile ndiyo iliyomsomesha. Chini yake ndiko alikolala utotoni, mama yake akidarizi. Akachukua mkoba, akatoka.

Nami nikafanya ninachokijua. Nilikwenda chumbani, nikatandika kitanda, nikafunga mfuko wangu wa turubai. Miaka yote nimefanya hivyo. Nilipounguza chakula cha kambi nzima, niliondoka kabla ya chakula cha jioni. Nilipoangusha ndoo ya rangi juu ya gari la msimamizi, sikushuka kwa ngazi aliyokuwa akinisubiri chini yake. Dunia ni pana. Kosa halina miguu mirefu kama yangu. Hata hivyo siku hiyo miguu ilikuwa mizito, nikajilaza kidogo, nipate nguvu za kutoroka.

Usingizi ukanichukua, nikazinduka jua limehama dirisha. Nikatia mfuko begani. Nyumba ile haina mlango mwingine. Kutoka ni lazima upite dukani, katikati ya makoti, mbele ya kioo kirefu ambacho wateja hujitazamia wakipimwa nguo. Miezi mitatu nilikuwa nakipita kile kioo nimekipa kisogo. Mtu wa aina yangu hana hamu ya kujiona mzima mzima.

Siku ile nilijiona. Mzee, mfuko, na shavuni, mekundu bado, maandishi.

Yalisomeka.

Mpwa wangu aliyatazama ana kwa ana akaona miguu ya kuku, kwa sababu kilichochapwa na mto hutoka kimegeuzwa, kama muhuri na alama yake. Kioo kilikuwa kimekigeuza tena. Nikasogea mpaka pumzi yangu ikakitia ukungu, nikaupangusa kwa kiganja. Chini ya jicho: 2F8. Chini yake: 3. Karibu na taya, kwa herufi ndogo zilizonyooka kama mishono yake yote: F10.

Mbili-F-nane. Nikakisikia tena kinywa cha Bisibisi kikitaja miji.

Mfuko ulishuka wenyewe begani. Nilirudi chumbani nikaukamata mto kwa mikono miwili, nikausogeza dirishani. Mistari yote ilikuwepo: kitufe cha kuingilia, tundu la kuwasha, anwani, namba ya zamu, ile ya mwanga kuzimwa, kitufe cha kuhifadhi. Siku mashine ilipomsikia Bibi kwa mara ya kwanza, dada alikuwa hana nembo ya kujaribia. Akaiamuru ishone kile kilichoifanya isikie. Kisha akakifanya foronya, na kila siku ya maisha yake akakilaza kichwa juu yake. Usichotaka kipotee.

Mpwa alinikuta katikati ya duka, mfuko miguuni, mto kwapani.

Akatazama kimoja, akatazama kingine. "Mjomba, kuondoka nimeelewa. Lakini ndiyo uondoke na mto wa mama?"

"Ni mimi niliyechomoa waya," nikasema.

"Najua."

"Nilitaka kupiga pasi makoti. Niliuona uzi. Niliuona kabisa, wala sitakudanganya."

"Najua, Mjomba." Akaenda kwenye kisanduku, akauinua ule uzi mwekundu kwa ncha za vidole. "Mama alifunga fundo la cherehani. Hili ni fundo la turubai la lori. Nani mwingine humu ndani alikuwa utingo?"

Sikuwa na pa kuuweka uso. "Tangu jana ulijua, ukaniletea chai?"

"Ulitaka nikunyime chai? Nilikuwa nakusubiri useme. Nikajisemea, akisema, ni wa hapa. Asiposema, nitajua bado yuko njiani." Akauachia uzi. "Haya, na mto?"

Nikampa shavu. Nikamvuta mbele ya kioo, nikamwonyesha kwa kidole. Alisoma midomo ikitikisika. Akaupokea mto, akapapasa ile mishono kwa kidole gumba, mstari mmoja mmoja, kama anayesoma gizani, na alipofika kwenye wa mwisho alikaa palepale sakafuni akacheka. Alicheka mpaka machozi yakapata kisingizio cha kutoka.

"Mama huyu," akasema. "Jamani, mama huyu!"

"Na mkuu wa chuo?"

"Amenipa mpaka kesho jioni. Nilimwomba bila kujua nangojea nini."

Ijumaa Bisibisi alifika mapema. Alipoonyeshwa foronya na kusimuliwa yote alivua kofia. Aliweka betri mpya, kisha akainuka kwenye kiti, akanigeuzia.

"Keti, Mzee. Aliyechomoa ndiye arudishe."

"Mimi? Nitamalizia kumuua."

"Bibi hafi kwa kuguswa na mtu wa rika lake. Gonga. Haraka, kabla hajaamka."

Niligonga. Buluu ikaja. Kwanza akanionyesha tarehe, nikaiweka ya siku ile, tarakimu kwa tarakimu, nikautoa mwaka wa dada nikaweka wetu. Hilo lilinichukua muda, nao hawakunihimiza. Kisha mpwa akasoma kutoka kwenye mto, mimi nikashuka na mishale: tundu, washa. Anwani, mbili-F-nane. Zamu, tatu. Mwanga, zima. Kidole changu kilichofunga mizigo ya malori kilisimama juu ya kitufe kidogo kuliko ukucha wake.

"Na sasa?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Sasa hifadhi," akasema mpwa wangu.

Nikabonyeza F10. Skrini ikauliza kama nina hakika. Sijawahi kuulizwa hivyo na mtu. Nikajibu ndiyo.

Robo saa ya Bibi ilikuwa ndefu kuliko safari zangu kadhaa. Picha zikaja, nembo ikaja, mpwa akatuma. Kimya. Bisibisi akafumba macho. Halafu mashine ikanguruma kwa ndani, mkono wake ukajisogeza kushoto, ukajisogeza kulia, ukatafuta katikati yake, ukaipata; na sindano ikashuka.

Tulishona mchana kutwa. Yeye alifunga makoti kwenye fremu, mimi nilikata ncha za nyuzi, na Bisibisi, ambaye kazi yake ilikuwa imekwisha tangu saa nne, alibaki akikunja, akidai anaihakikisha betri. Nilipiga pasi pia. Kwenye tundu la ukutani, ambalo nililikaza kwanza. Makoti yalifika chuoni kabla jioni haijaingia.

Jumamosi asubuhi niliamka shavu likiwa limeandikwa kama kawaida. Bibi sasa alikuwa na kumbukumbu yake, plagi ingeweza kuchomolewa bila madhara. Ila nilipopita niliuona uzi mwekundu bado upo, umefungwa upya kwa fundo la cherehani, lile lisilofunguka mpaka likatwe. Asubuhi ilikuwa nzuri. Nikaona niende kunyoosha miguu, niwatazame wauguzi wakipita na nembo zao.

Viatu vyangu havikuwepo mlangoni.

Nilitazama chini ya kitanda, nikatazama nyuma ya kabati, nikarudi dukani. Mpwa wangu alikuwa ameketi kwenye mashine ndogo akitia zipu suruali ya mtu, ameinamia kazi kupita kiasi. Alionekana mrefu kidogo kuliko siku zote. Chini ya mto aliokalia, kwa nyuma, vilichungulia visigino viwili vya ngozi iliyochakaa.

Hakugeuka. "Unatafuta kitu, Mjomba?"

Sakafu ilikuwa baridi chini ya nyayo zangu, na nzuri.

"Hapana, mwanangu," nikasema, nikavuta kiti. "Nipe hizo nyuzi nizikate."